Sikuitwa, Nilikasirishwa

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani Rodi Kopany nikarudi na hasira zangu za zamani, kwa hiyo keti, rafiki yangu, nikumwagie wewe. Kulikuwa na ibada ya shukrani ya binti wa jirani aliyepata nafasi ya kusomea unesi Homa Bay. Binti alisimama mbele, mikono ameifumbata kifuani, akasema kwamba Mungu alimwita tangu utotoni awahudumie wagonjwa. Watu wakapiga makofi. Kisha mchungaji akanigeukia mimi, nesi mstaafu, akaniomba nieleze mimi niliitwaje. Nikasimama nikasema, "Mimi sikuitwa na mtu. Nilikasirishwa." Kanisa zima likaangua kicheko, wakidhani mama mzee anatania, nami nikakaa chini.

Sikuwa natania. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza nyumba ya nyanya yangu, miaka ile ya sitini, kwenye boma letu juu kidogo ya barabara ya kwenda Rongo. Nililala kwake, kama wasichana wote wa kwetu walivyolala kwa nyanya zao. Asubuhi niliamshwa na mlio wa jiwe la kusagia, na kama halilii ujue ni zamu yangu na nimechelewa. Nyumba ilinuka moshi, samli, na omena, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wakianikwa nje juu ya gunia. Nilisaga mtama mpaka magoti yakauma, na nyanya alikuwa na ulimi mkali: unga ukiwa na chenga aliurudisha mbele yangu bila kusema neno, au akasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Meno yake sita ya chini, yale ya mbele, hayakuwepo. Aling'olewa akiwa msichana, kama walivyofanyiwa watu wote wa rika lake, kwa maana bila hivyo hukuhesabiwa kuwa mtu mzima wa kwetu. Sisi watoto wa shule tuliona ni ushamba mtupu. Nilipomuuliza faida yake, alinieleza jikoni huku akikoroga uji. "Kuna ugonjwa unaofunga taya," alisema. "Ukimshika mtu, hapa ndipo anapolishwa." Akanionyesha lile pengo kwa ncha ya mwiko. Nilicheka sana, naye akanichapa kwa mwiko uleule.

Msimu wa palizi ulipofika alijikata mguu kwa jembe. Akajifunga kitambaa na majani, akaendelea kulima. Kidonda kilipoanza kufunga, shingo ikakaza, halafu taya, halafu mgongo. Mwenye duka wa Rodi, Mwislamu aliyetoka pwani na ambaye ndiye peke yake aliyekuwa na gari, alitubeba mpaka hospitali ndogo iliyokuwa upande ule, ambayo leo haipo tena. Daktari, Mhindi mmoja mpole, alimtazama akasema ni pepopunda. Mama alikuwa na mtoto mchanga na shamba limejaa magugu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeachwa pale nimfulie nyanya na kumtekea maji.

Sasa ngoja nikueleze juu ya yule nesi. Hakuwa mgeni, alikuwa mtu wa kwetu kabisa, wa upande wa Oyugis, lakini Kijaluo hakikupita mdomoni mwake ndani ya wadi. Kofia yake ilisimama kichwani bila kuyumba, na viatu vyake vilikuwa na visigino vigumu. Daktari aliagiza chumba cha nyanya kifungwe mapazia na kiwe kimya, kwa sababu mgonjwa wa pepopunda akisikia kishindo mwili wote hukakamaa kwa maumivu. Aliagiza hayo mbele ya nesi, kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Daktari alipoondoka, nesi aliingia kwa visigino vile, akafungua pazia kwa nguvu na kutupa beseni la bati sakafuni. Mgongo wa nyanya ukainuka kutoka kitandani ukabaki umejipinda, na machozi yakamtoka, na hakuweza hata kulia kwa sauti.

"Sista, polepole tafadhali," nikasema.

"Ati nini? Wewe unanifundisha kazi?" Alinitazama juu mpaka chini. "Nyinyi watu mnang'oana meno huko kwenu kama wanyama, halafu mkiwa mgonjwa mnakuja hapa kusumbua sisi. Toka!"

Nilimchukia hapo hapo, na sijaacha.

Ilikuwa lazima nyanya ale, la sivyo angekufa kwa njaa kabla ugonjwa haujammaliza. Hilo pia daktari alilisema. Nesi alileta uji, akagonga meno ya juu kwa kijiko, uji ukamwagika shingoni. Akajaribu tena, ukamwagika tena. "Huyu amekataa kula," akasema, akaweka kikombe dirishani akaenda zake kunywa chai. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Mashavu ya nyanya yalianza kubonyea, na mimi nilikaa kando ya kitanda nikitazama uji ukipoa na kufanya utando.

Ndipo nikakumbuka mwiko. Nyuma ya jiko la hospitali kulikuwa na mpapai, nami nikakata kikonyo cha jani, kile chembamba chenye tundu katikati ambacho watoto tulikuwa tukikipuliza kama filimbi. Nilikiosha vizuri. Nikakiingiza polepole kwenye lile pengo, chini ya meno ya juu, nikawa natia uji tone kwa tone, nikingoja koo lisogee kabla sijatia tone jingine. Likasogea. Rafiki yangu, nimezalisha wanawake wengi, nimeona watu wakirudi kutoka mlangoni mwa kaburi, lakini sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi kuliona lile koo likisogea.

Nesi alinikuta. Alininyang'anya kikonyo akakitupa dirishani. "Unataka kuua yeye? Hii ni hospitali, si jikoni ya kwenu!" Nikangoja aende kwenye chai yake, nikakata kingine. Kila alipotoka niliingia peku, bila kishindo, na kila alipokaribia nilivisikia visigino vyake mapema nikajificha chini ya kitanda. Nyanya akaanza kupata nguvu. Taya ikalegea kidogo, kisha mgongo.

Daktari alipokuja kumtazama alishangaa. Aliuliza amelishwa vipi na taya imefungwa. Nesi akatabasamu na meno yake yote, akasema ameona pengo la mgonjwa akatumia kikonyo cha jani la papai. Daktari akamsifu sana, akasema manesi wengine waige akili hiyo. Mama alikuwa amekuja siku hiyo. Nilifungua mdomo, mama akanifinya mkono nikafunga, kwa sababu mtoto hakumwaibisha mtu mzima mbele ya watu.

Ningeweza kuyameza hayo yote. Lakini siku tuliporudi nyumbani, nyanya aliagiza apelekewe nesi jogoo wa kumshukuru. Na si jogoo yeyote, ni wangu mwekundu niliyemlea tangu akiwa kifaranga. Nililia nikagaagaa uani. Tena haikuishia hapo. Miaka mizima nyanya alimsifu yule mwanamke sokoni, kisimani, kwenye matanga ya watu. "Yule sista wa Oyugis ndiye aliyenilisha," alisema. "Ana mikono. Siyo hawa wa kwangu wanaosaga unga wenye chenga." Akanitazama nilipokuwa nikisaga, nami nikasaga kwa nguvu mpaka jiwe likalia.

Ndiyo maana nikaenda unesi. Nilitaka kiti cha yule mwanamke na kofia yake. Nilitaka awe amesimama siku moja nikiwa nimekaa, nimwambie avue viatu. Sikuwahi kumpata, alihamishwa kabla sijamaliza masomo. Mimi nikapelekwa Migori, na vijana wachimbaji wa dhahabu wa Masara wakaletwa kwangu na vidonda vya mitarimbo yenye kutu, taya zimefungana, nikawalaza gizani na nikawafukuza kutoka wadi manesi wote wenye visigino. Waliniita mkali. Wengine waliomba uhamisho kwa sababu yangu, na sikuwazuia.

Nilipokuja likizo yangu ya kwanza, nimevaa gauni jeupe ili nyanya alione, nilimkuta akipepeta mtama. Sikuketi hata. Nilimwambia yote: kikonyo, mpapai, kujificha chini ya kitanda, uongo wa nesi, na jogoo wangu. Aliendelea kupepeta mpaka nikaishiwa maneno.

"Nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu, "kilichofungwa kilikuwa taya. Macho yalikuwa wazi."

"Sasa kwa nini ulimpa jogoo wangu?"

"Ili ukasirike. Wewe nakujua. Ningekusifu wewe, ungeridhika, ukabaki hapa kunisagia mtama mpaka uolewe."

Siku hizi ile hospitali ni shamba la mahindi, na mpapai uling'olewa. Jiwe la kusagia liko kwangu, kuku wanalinywea maji. Wale wa rika la nyanya wamekwisha wote, na ukizunguka soko zima la Rodi hutaona kinywa kama chake. Nami nakikumbuka kilivyokuwa jioni ile, mimi nimesimama mbele yake na gauni langu jeupe, naye ameweka ungo chini anacheka, pengo lote wazi, mpaka machozi yanamtoka.