Niliisahau minus ya Garissa, Buna ikasogea kilomita mia

Asalaam aleikum wakuu. Hili lilinipata mimi mwenyewe, sitii chumvi.

Miaka ya tisini, Garissa. Wazazi walishatangulia, na mimi kifungua mimba niliacha shule darasa la saba nilee wadogo zangu wanne. Nikapata kibarua ofisi moja ya misaada: kufagia, kuchemsha chai. Baadaye wakanifundisha kompyuta.

Kulikuwa na programu ndogo, skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Unaingiza latitudo na longitudo za unakotoka na unakokwenda, inakupa uelekeo na umbali. Naprint, nampa rubani. Kwa karatasi hiyo anapima mafuta. Mafuta yakipungua, magunia ya chakula cha msaada yanaongezeka.

Wanaoijua Garissa wanajua iko kusini ya ikweta, ila kidogo tu. Wajir na Buna ziko kaskazini, Buna mbali zaidi ya Wajir. Kwa hiyo latitudo ya Garissa lazima uiwekee minus, alama ya kusini kwenye programu ile.

Siku ya safari ya Buna nikaisahau. Uelekeo ulitoka karibu sawa na ule wa kweli, sikushtuka. Rubani alikuwa mgeni wa njia ile. Karatasi ikaenda.

Mdogo wangu Halima akaniletea chakula, akatazama nakala zangu mezani.

"Abowe, Wajir 248, Buna 259?" Akacheka. "Kilomita kumi na moja! Basi hooyo alikuwa mvivu. Buna hadi Wajir alitumia siku nne na ngamia."

Abowe ni kaka, hooyo ni marehemu mama yetu. Mimi sikucheka. Nikarudia hesabu na minus: 359.

Wakuu, nilikaa kwanza. Nikisema, nafukuzwa, na wadogo zangu watakula nini? Nikinyamaza, labda mafuta ya akiba yatamtosha. Labda.

"Na huyo rubani hana wadogo?" Halima akauliza.

Nilikimbia hadi kiwanja cha ndege. Injini ilikuwa bado haijawashwa. Nikasema mbele ya bosi, "Nimekosea mimi."

Wakashusha magunia, wakaongeza mafuta. Bosi alifoka: "Buna wanangoja haya magunia, unajua?" Nilijua. Kuna shangazi zangu kule.

Nikarudishwa kwenye ufagio. Wiki ya pili rubani akaikataa karatasi ya mtu mwingine.

"Mniitie yule anayekuja mbio akikosea."

Nilichojifunza: mashine hujibu ulichoiandikia, haijui ulichokusudia. Ukiwa na aliyepita njia hiyo kwa miguu, muulize kwanza.

Nanyi mliofanya kazi na kompyuta za enzi hizo, kosa gani mlilikiri kabla hamjakamatwa? Uwanja ni wenu.