Mkate Uliokuwa Motoni

Juzi binti yangu alichukua likizo, akanipakia garini. Akasema leo tuzunguke nyumba za zamani za Mji wa Kale, kisha tuvuke Feri hadi Likoni. Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini aliposimamisha gari Ndia Kuu, mbele ya mlango mmoja wa nakshi, ashuke kuupiga picha, mimi sikuweza kushuka. Nilimwambia ni magoti. Hayakuwa magoti.

Shule niliishia darasa la saba, na daftari hili huandikia mambo ya nyumbani tu. Huenda hata nakumbuka vibaya. Nisikilize basi, uamue mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Kila Shaaban, Ramadhani ikikaribia, bibi alizungukia jamaa kuombana radhi, na mjomba ndiye aliyetuendesha. Nyumba zilikuwa nne, na zilifuatwa kwa umri: mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Tatu zilikuwa Mji wa Kale, zile za mawe na chokaa, madirisha ya juu yakitazama bahari. Ya nne ilikuwa Likoni, kwa mdogo wake bibi. Wawili hao walikuwa hawasemezani, ila kwa radhi hiyo ya kila mwaka, tangu matanga ya mama yao, kwa neno lililotamkwa mbele za watu. Nimesikia pande zote mbili, na kila upande una haki yake.

Mwaka ule habari zilikuja asubuhi kuwa yule mdogo amezidiwa.

"Mama, tuanze Likoni," mjomba akasema.

"Nimruke mkubwa wangu? Watu wasemeje?"

"Waseme mdogo wako mgonjwa."

"Endesha gari, wewe."

Nyumba mbili tulizimaliza upesi. Bibi hakuketi. Alishika mikono ya wenyewe, akasema, "Nisamehe nilojua na nisilojua," akatoka. Habari ya ugonjwa hakumwambia mtu, wasije wakajiona wamepitiwa njiani tu.

Ya tatu ilikuwa hiyo ya Ndia Kuu. Mjomba alibaki garini, kaziba nusu ya njia, wenye maduka wakimpigia kelele. Mwenye nyumba, binamu yake bibi, alinishika mkono hadi jikoni. Makaa yalikuwa tayari, ya chini na ya juu. Unga wa mchele ulikuwa umeumuka bakulini, unanukia nazi na iliki.

"Niupike mkate wa sinia, au mna haraka nyinyi?"

Honi ililia nje. Nilikuwa nimesikia kila neno garini, kwa hivyo siwezi kujitetea kwa utoto.

"Hatuna haraka," nikasema.

Akaumimina.

Kwetu mgeni haondoki chakula kikiwa motoni. Ni kama kumtemea mate mwenyeji. Bibi aliposikia ile harufu, akaketi. Niliona vidole vyake vikisokota ncha ya buibui, vikiiachia, vikisokota tena. Mjomba akaingia, jasho linamtoka.

"Mama!"

"Uko motoni," bibi akasema, bila kumtazama.

Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo huniudhi mpaka leo.

Feri, magari yalikuwa yamepanga foleni ndefu. Huenda hata bila mkate tungechelewa, sijui. Tulimwacha mjomba na gari, tukateremka mbio ule mteremko, katikati ya wachuuzi wa njugu na watu wa kazini. Mlango wa chuma wa kivuko ulikuwa unanyanyuka. Bibi akainua mkono, kama mtu asimamishaye basi. Baharia akatikisa kichwa. Ng'ambo twaiona, watu wake twawaona, na maji yale katikati. Nikamsikia bibi akiyaambia polepole: nisamehe nilojua na nisilojua.

Tulipofika kwa kivuko kilichofuata, mikeka ilikuwa imeshatandikwa nje, wanaume wameketi.

"Lini?" bibi akauliza.

"Sasa hivi tu, bibi," mmoja wao akajibu. "Alikuwa akiuliza kama gari limefika."

Mjomba alimlaumu bibi kwa kufuata umri. Ni haki niseme pia kwamba alimlaumu huku analia. Mimi hakunilaumu mtu, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Shaaban iliyofuata bibi aligeuza desturi. Alianza na mdogo kuliko wote. Akanikalisha mkekani, akanishika mikono miwili, mimi, mtoto wa miaka kumi.

"Nisamehe nilojua na nisilojua."

Maneno yalinifika kooni. Kisha nikasema, "Nimekusamehe, bibi."

Akanibusu, akashukuru.

Sasa hayupo, wala mjomba, wala yule wa jikoni. Nyumbani mwake sasa huuzwa vinyago, na mlangoni hapo hunukia rangi ya mbao. Mlango u wazi mchana kutwa, lakini hatoki mtu ndani kuja kukwambia keti, chakula ki motoni. Jamaa tumebaki kutumiana radhi kwa simu, ujumbe mmoja kwa watu mia. Labda ni vizuri vilevile, hakuna anayechelewa.

Binti alirudi garini na picha zake.

"Bado nyumba mbili, mama. Au twende Feri kwanza? Una haraka?"

"Ninayo," nikasema. "Na ukishaegesha huko, nina neno la kukwambia."