Jupe ya Maman Zamfira Mbele ya Mulango Wangu

Nimeona na macho yangu, muchana kweupe: wanaume watatu wenye nguvu wameshindwa kuvuka jupe ya mwanamuke muzee.

Jupe tu. Sketi ya maua, imelala chini mbele ya mulango wangu hapa Etterbeek, huku ugenini.

Bon, wajukuu wangu, ngojeni niwaeleze pole pole.

Munanijua na vitendawili vyangu. Natega: ukuta ni mumoja, huku mmoja anapigwa, kule mwingine anaumia. Ni nani?

Ni majirani.

Jirani yangu aliitwa Crina, wa kabila la Waroma, kutoka Rumania. Alikuwa na mutoto mudogo wa kike, na bwana, Florin. Walikaa na mama mukwe, Maman Zamfira, ambaye hakuwahi kujibu salamu yangu.

Florin alikuwa anapiga. Nilisikia sahani, kisha Crina, kisha kimya.

Kimya ndiyo ilinitesa.

Na musianze kusema "hao Waroma". Kwetu Bukavu nimeosha macho ya dada zangu na maji ya chumvi. Ngumi haina kabila.

"Crina, tuite polisi," nilimwambia kwenye ngazi.

"Hapana, maman. Watachukua mutoto. Sisi Waroma hawatuulizi mara mbili."

"Na mama mukwe wako anasema nini?"

"Yule? Ananiambia nisimujibu bwana."

Dimanche moja, mimi na mujukuu wangu Jémima tumetoka tu kanisani, Crina akaingia kwetu. Mutoto mugongoni, damu kwenye sikio, miguu bila viatu.

"Leo ataniua," alisema. Hakulia hata.

Jémima akapigia foyer simu, ile nyumba wanaficha wanawake. Wakasema wanatuma gari.

Gari haijafika, mulango ukagongwa. Florin na binamu zake wawili.

"Nipe muke wangu, maman."

"Muke ni sufuria, kwamba niliazima nikurudishie?"

Akasukuma mulango. Nyuma yao nikaona Zamfira anapanda ngazi, anahema. Nikasema moyoni: alors, tumekwisha, sasa ni wanne.

Akawapita wote. Akafungua jupe yake ya juu, maana anavaaga mbili, akaitandika kwenye kizingiti. Akasema neno fupi kwa lugha yao.

Wanaume wakarudi nyuma kama wamemwagiwa maji ya moto.

Crina akaninong'oneza: kwa ukoo wao, jupe ya mwanamuke ikimugusa mwanaume namna ile, amechafuka. Hakuna ndugu atakula naye ao kumupa mukono, mpaka wazee wamusafishe.

"Mama, toa," Florin alisema. Sauti ilikuwa ya mutoto.

Mama hakutoa. Alikaa kwenye ngazi, kando ya jupe yake, mpaka gari ikafika.

Crina akapita juu ya jupe, yeye mwanamuke haimudhuru. Zamfira hakumwangalia. Alishika tu mguu wa mujukuu wake, kidogo, akauachilia.

Siku ile mimi na Jémima tulicheza jikoni. Tuliona tumeshinda.

Mwezi uliofuata, niko sokoni Flagey, nikamukuta Zamfira mbele ya viazi. Foulard, kitambaa cha kichwa, imefunika nusu ya uso. Nikaisogeza na kidole.

Jicho lilikuwa limefungika kabisa.

"Ni Florin?"

"Usiku ule nilimugusa na jupe ile, akatoka. Wazee wakamusafisha. Akarudi nyumbani."

"Maman, njoo kwangu. Leo hii. Jémima atapiga simu tena."

Akaendelea kuchagua viazi.

"Nikitoka, atamutafuta Crina. Akinipata mimi, mukono wake unachoka."

Nikashika kikapu chake.

"Baba ya Florin alikuwa ananipiga mbele yake," akasema. "Mutoto akilia, nilimwambia: nyamaza, baba amechoka tu. Akaniamini."

Akalipa viazi vyake, akaenda.

Kila asubuhi nagonga kwake. "Niko muzima," anajibu nyuma ya mulango. Hafungui. Jémima amewaeleza wale wa foyer. Walikuja, akawaambia alianguka bafuni.

Wajukuu wangu, mutoto akiona mama anapigwa, musimudanganye kwamba baba amechoka.

Na siku mwanamuke ameokoka, mushukuru Mungu, lakini musirudi kulala. Ulizeni kwanza ni nani amebaki ndani.