Pikipiki Chini ya Ukuta wa Nyuma

Katika nyumba ile tuliyopanga, vyumba vikitazamana na ua katikati, mtu wa kwanza kutoka asubuhi alikuwa msoma mita za maji. Tulimwita Dada Mita, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani, kufunua vifuniko vya chuma, kupangusa vioo vidogo vilivyojaa matope na kuandika tarakimu, huku mbwa wa watu wakimbwekea. Bila pikipiki asingeiweza kazi ile. Aliinunua ikiwa imeshatumika, baada ya kujinyima mpaka viatu vyake vikaanza kucheka.

Mumewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni mbali na pale, akija shule zikifungwa. Chumbani Dada Mita aliishi na mama mkwe wake, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na masikio mazito, ambaye sote tulimwita Bibi. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja. Pikipiki ingeingia humo, wao wawili wangetoka.

Basi ililala nje. Msimu wa kwanza wa mvua aliiweka chini ya upenu wa paa, na maji ya bati yakawa yanadondokea palepale kwenye kiti. Sponji ilikunywa mpaka ikashiba. Alikuwa akifika kwenye nyumba za watu suruali imelowa nyuma, na watoto wanamcheka. Akanunua karatasi kubwa la nailoni, akaifunga pikipiki gubigubi kama mzigo wa kusafirishwa. Alipofungua, ndani mlikuwa na jasho kama sufuria lililofunikwa, na kwenye spoku kutu imeanza kuota. Siku nyingine alirudi amechoka, akaifunika injini ikiwa bado ya moto. Nailoni iligandia kwenye bomba la moshi na ua mzima ukanuka.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alijifunza kuiacha ipoe kabla ya kuifunika. Alijifunza kupaka cheni oili, kuweka kipande cha ubao chini ya stendi ili isizame, na kuziba bomba la moshi kwa kitambaa, maana nyigu walishaanza kutafuta makazi humo. Mara moja alisahau kukitoa. Alipopiga kiki, kitambaa kiliruka kama risasi kikamgonga jogoo wa mwenye nyumba, na jogoo yule hakuwika tena kwa wiki nzima. Bibi alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

Tatizo lililobaki lilikuwa mahali. Nyuma ya jiko letu la pamoja kulikuwa na ukuta mrefu wa matofali, uliozuia ardhi ya juu isishuke uani kwetu. Pembeni ya jiko, chini ya ukuta huo, palikuwa na kipande cha ardhi ambacho upepo haukifikii na jua la mchana halikiunguzi. Lakini palikuwa na mwenyewe. Seremala aliyekodi banda la kona alikuwa akianikia mbao zake hapo. Dada Mita alikwenda kwa mwenye nyumba, akaeleza shida yake vizuri, akapewa nafasi ile. Seremala akaambiwa ahamishe mbao.

Seremala alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, penseli sikioni muda wote. Alihamisha mbao zake bila kubisha. Alipomaliza alisema tu, "Sawa, dada. Lakini ungeanza kuongea na mimi."

"Nimeongea na mwenye nyumba, fundi."

"Ndiyo hilo ninalosema."

Yakaishia hapo, au tulidhani yameishia hapo.

Dada Mita alijenga kibanda cha turubai cha kupendeza. Aligongelea kulabu ukutani, akavuta kamba kutoka kwenye kulabu ile mpaka kwenye nguzo ya chuma ya kuanikia nguo, akaikaza hata ukiigusa inalia. Juu ya kamba akatandaza turubai kama hema, pembe zake akazifunga kwenye mawe. Turubai halikugusa pikipiki, hewa ilipita chini, na jasho likaisha. Sote tulipita kukitazama. Bibi alisema pikipiki sasa inaishi vizuri kuliko yeye.

Miezi ikapita. Huko juu, nyuma ya ukuta, kiwanja kilichokuwa kitupu kilipata mnunuzi, na malori yakaanza kumwaga kifusi. Hatukuyaona, tuliyasikia. Kila lori lilipomwaga, kishindo kilikuja kwanza miguuni, kisha masikioni, na vikombe kabatini vikagongana. Mwanzoni tulikuwa tunanyamaza na kutazamana. Baadaye tulizoea, tukawa tunasubiri kishindo kipite ndipo tunaendelea kuongea.

Kipindi hichohicho kamba ilianza kulegea.

Dada Mita alirudi jioni moja akakuta turubai limeshuka katikati, limelalia usukani. Akafungua fundo, akakaza upya. Baada ya siku chache likashuka tena. Akabadilisha kamba, akidhani ile ya kwanza imevutika. Akanunua ya nailoni, nene, ya kufungia mizigo. Nayo ikalegea. Akalichunguza fundo: lilikuwa lilelile alilolifunga, halijaguswa, ila kamba ililegea kama tumbo la ng'ombe. Kisha asubuhi moja akakuta pikipiki yenyewe imelala ubavu. Usiku haukuwa na upepo. Kioo cha pembeni kilivunjika, petroli ilimwagika, na ubao wa chini ya stendi ulikuwa umezama kwenye udongo uliolowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha.

Alituambia baadaye kwamba hapo alisisimkwa, akahisi kama mtu yuko nyuma yake anamtazama. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na banda la seremala, na seremala amesimama mlangoni, randa mkononi.

"Fundi, kama una neno na mimi, niambie mchana kweupe," alisema kwa sauti tuliyoisikia sote.

"Neno gani, dada?"

"Pikipiki yangu imeangushwa. Kamba yangu inalegezwa kila siku. Ni nani mwingine aliyekuwa anapataka hapa?"

Seremala alimtazama, akatazama pikipiki, akatutazama sisi tuliojitokeza na miswaki midomoni. Nadhani alisubiri mmoja wetu amtetee. Hakuna aliyefungua kinywa. Akaingia ndani ya banda lake, na tangu siku ile hakumjibu Dada Mita hata salamu. Wakipishana uani, mmoja alikuwa akikumbuka kitu alichosahau na kurudi nyuma.

Kumbe seremala naye alikuwa na kitu kinachomsumbua. Mlango wa jiko ulikuwa umeanza kubana. Bibi, aliyeshinda jikoni kuliko mtu yeyote, alimwomba aupige randa. Akaupiga. Ukafunguka vizuri, halafu ukabana tena juu, upande uleule wa ukutani. Akaupiga mara ya pili, akaupima kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Bibi, mlango huu hauna unyevu," alimwambia kwa sauti ya juu ili asikie. "Mbao ni kavu. Sijui inakuwaje."

"Labda mimi ndiye niliyenenepa," Bibi alijibu, na seremala akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Hebu fikiria. Mmoja alijua kamba inalegea, mwingine alijua mlango unabana, na kati yao hatua za kuhesabika. Wangekaa kwenye benchi moja kwa muda wa chai, wangeambiana. Sisi wengine tulisikia habari zote mbili na tukazichukulia kuwa ni vituko vya watu wawili waliokosana. Tulianza hata kufanya mzaha kwamba ua una jini lisilopenda pikipiki. Mzaha ule haukutuchekesha sana, maana usiku udongo ulisikika ukidondoka mahali fulani, kidogokidogo, kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo, na hakuna aliyetoka kwenda kuangalia.

Kisha mvua zikaja. Zilinyesha bila kupumzika mpaka nguo zikawa hazikauki na mikate ikaota ukungu. Kwenye nyufa za ukuta maji yalianza kutoka, mekundu, membamba. Mmoja wetu alimpigia simu mwenye nyumba. Alisema atatuma mtu mvua ikikatika.

Siku yenyewe Dada Mita alirudi mapema, mchana, kwa sababu mita zote zilikuwa zimezama. Alisukuma pikipiki mpaka pembeni ya jiko. Kamba haikuwa imelegea tu: ilikuwa imelala chini, na turubai limejikusanya kwenye tope. Akainua macho na kuona kulabu yake. Zamani ilikuwa juu ya kichwa chake, mbali kidogo. Sasa ilikuwa karibu na uso wake.

Wakati huohuo alisikia kugongwa. Seremala alikuwa kwenye mlango wa jiko, amechomeka patasi kwenye ufa, anasukuma kwa bega. Ndani Bibi alikuwa anaita, "Fungueni! Hiki nini tena?"

Kwa sekunde moja wale wawili walitazamana, watu ambao hawakuwa wamesemeshana kwa miezi.

"Kamba imelala chini," Dada Mita alisema. "Kulabu imekuja huku."

Seremala aliacha kusukuma. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa haraka kana kwamba ukuta ni wa moto.

"Ukuta," alisema. "Ni ukuta. Leta hiyo kamba!"

Dirisha la jiko lilikuwa na nondo, hapakuwa na njia nyingine. Seremala alipitisha kamba ya nailoni kwenye mpini wa chuma wa mlango na kuikunja mara kadhaa. Dada Mita akafunga upande wa pili kwenye kariya ya pikipiki. Fundo alilijua. Akapiga kiki. Injini ikashika palepale. Akaelekeza tairi kwenye geti na kuondoka kwa nguvu, kamba ikakaza, tairi la nyuma likazunguka kwenye tope, likazunguka, likapata kokoto. Mlango ukang'oka na fremu yake.

Seremala alikuwa ameshaingia kabla mlango haujatulia kwenye tope. Alimbeba Bibi kama gunia, Bibi akimpiga ngumi mgongoni na kumuuliza ana wazimu gani. Walivuka kizingiti. Sisi tuliokuwa kwenye vibaraza vyetu tuliuona ukuta ukipinda katikati, taratibu, bila sauti yoyote. Sauti ilikuja baadaye. Ilikuwa ndefu, na ilipokwisha jiko halikuwepo, wala banda la seremala, wala mahali pa pikipiki. Palikuwa na mlima wa udongo mwekundu na matofali, na maji yakishuka juu yake kana kwamba hakujatokea kitu.

Bibi alikuwa ametupwa mbele, amechubuka magoti tu. Seremala alikuwa amelala nyuma yake, mkono wake wa kushoto umebanwa na matofali mpaka kwenye kiwiko. Tulichimba kwa sufuria, kwa majembe, kwa kucha. Dada Mita aliacha pikipiki katikati ya geti injini ikinguruma, akaja kuchimba nasi.

Hospitalini waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Mwenye nyumba alikuja akasimama mbele ya kifusi, akasema mvua za mwaka huu ni za ajabu. Mwenye kiwanja cha juu hatujawahi kumwona mpaka leo.

Dada Mita alikwenda wodini na Bibi.

"Fundi, nilikutukana mbele za watu," alisema. "Nisamehe."

Seremala aliuweka sawa mkono wenye bandeji juu ya shuka.

"Nilikuwa na hasira nawe," alisema. "Siku ile uliponishutumu, nilitaka kuja kuikagua hiyo kamba, nikupe majibu. Nikajiambia, mwache ahangaike nayo. Kama ningekuja, ningeuona ukuta. Kwa hiyo hata mimi sijui nikwambie nini."

Bibi, ambaye hakuwa amesikia nusu ya maneno hayo, alimmenyea chungwa akamlisha kipande kimoja kimoja.

Nyumba ile tuliihama wote. Dada Mita alipata chumba mahali pa tambarare, penye ua mpana. Pikipiki anaiegesha katikati ya ua, ikiwa na turubai lake kwenye nguzo nne alizozichimbia mwenyewe, mbali na ukuta wowote. Mumewe alipokuja likizo alimwambia inaziba njia ya watu. Alimjibu wazunguke.

Seremala amefungua karakana nyingine, si mbali na hapo. Anashika mbao kwa mkono mmoja na kuzibana kwa goti, kazi ya siku moja inamchukua tatu. Alipokuwa akienda kliniki, Dada Mita ndiye aliyekuwa akimpitia na kumpakia, na njia nzima hawakuwa wakiongea sana. Bado si marafiki, ukiniuliza mimi. Lakini mawingu yakikusanyika, seremala huacha randa, hutoka nje na kupita akigusa kuta za majirani kwa kiganja, moja baada ya nyingine, na hakuna anayemcheka.