Trekta Halipiti Hapa Tena

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kuona barabara ya nyuma ya soko, hapa Kakamega, nilikokulia. Kama hujapita huko siku nyingi, hutaitambua. Wameifunga kwa magari, wakatandika matofali mekundu, wakaweka mabenchi, na palipokuwa na jalala sasa pana bembea. Watu wazima na ndevu zao wanalamba aiskrimu mchana kweupe. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa, nikainuka, nikakaa tena, mkono wa mtoto nimeukaza hadi akalalamika.

Utasema nina wasiwasi wa bure, lakini wewe hukuijua barabara hiyo enzi zetu. Nyanya yangu aliyetulea, tuliyemwita Kukhu, aliuza mahindi na maharagwe ya kuchemsha kando ya kibanda cha fundi baiskeli. Moshi wake, grisi ya fundi na mtaro ulioziba vilinuka pamoja, nasi tukala hapohapo. Baada ya shule kazi yangu ilikuwa kuchambua maharagwe na kumchunga mdogo wangu, na zote mbili nilizifanya nusunusu.

Nilivutwa na matrekta ya miwa. Madereva walikatiza kwetu wakikwepa askari wa barabara kuu, na mashimo yaliwalazimisha kwenda polepole. Sisi watoto tulikimbia nyuma ya tela, tukachomoa muwa na kuruka pembeni. Kukhu alipiga kelele, "Nyinyi, miwa mnaibanga kila siku, hiyo trekta itawamaliza!" Tulijificha tukitafuna, utamu ukitutiririka hadi viwikoni.

Siku moja mdogo wangu alisita. Alikuwa na miaka saba. Nikamfokea, "Vuta, mwoga wewe!" Akavuta. Muwa ulikuwa umebanwa, haukutoka, naye hakuuachilia. Gurudumu likapita juu ya mguu wake. Fundi ndiye aliyemkimbiza hospitali, kwenye baiskeli ya mteja. Kukhu alipouliza ilikuwaje, nilisema alikimbia mwenyewe, mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Mtoto akagombezwa akiwa na plasta mguuni. Kukhu ameenda kaburini akiamini maneno yangu.

Hayo ndiyo yaliyoninyima utulivu Jumamosi, maana mdogo wangu huyohuyo, sasa mama wa watu, alikuwa ameketi nami akitafuna miwa ya kununua, iliyokwisha kumenywa na kukatwa vipande.

"Dada, achilia mtoto," akasema. "Hapa gari hazipitangi siku hizi."

Nikamwachilia. Alichomoka mbio kuelekea bembea. Mkono ukabaki mtupu, nami nikashindwa kuyazuia maneno. "Mimi ndiye niliyekuambia uvute."

Akatema makapi. "Najua. Niliumia mguu, si masikio."

"Mbona hukumwambia Kukhu?"

"Angekufukuza urudi kwa baba. Halafu nani angenibeba kwenda shule?"

Ni kweli, nilimbeba mgongoni muhula mzima, na watu wakanisifu. Niliona aibu kama ya jana.

Nilitafuta kwa macho mahali penyewe. Kibanda cha fundi ni mkahawa, alipoketi Kukhu pana chungu cha maua, na yale mashimo sikuyaona. Kila kitu kimefunikwa vizuri. Kisha mdogo wangu akainuka kumfuata mtoto bembeani, akichechemea juu ya matofali mapya.