Bado Mbili za Wodi ya Kifua Kikuu

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa wodi ya kifua kikuu, Shinyanga. Tulikuwa tukilinganisha dawa mbili: ya zamani, ya sindano na zaidi ya mwaka wa matibabu, na mpya, ya vidonge vya miezi michache. Dawa mpya ilichelewa kutufikia, kwa hiyo wagonjwa wake wengi walikuwa hawajafikisha siku ya kupimwa makohozi.

Nilijikwaa mimi, nisisingizie mtu. Aliyepimwa akakutwa na vijidudu nilimwandikia "bado". Ambaye siku yake haijafika, naye "bado". Si ndivyo tusemavyo?

Daktari wetu, mgeni aliyejifunzia Kiswahili kitabuni, alihesabu bado zote kuwa watu walioshindwa kupona. Dawa mpya ikaonekana mbaya mno. Akatangaza kwamba kuanzia kesho yake itasimamishwa na wote warudi kwenye sindano.

Mama mmoja wa Tinde, aliyekuwa kwenye dawa mpya, alinifuata dirishani, akanisalimu kwa Kisukuma. Mwanawe mdogo alikuwa kwa bibi yake, asije akaambukizwa.

"Mwangaluka, dada. Nikianza upya, mtoto wangu atanijua kweli?"

Nilikasirika bila kujua nimkasirikie nani. Nikafungua rejista nione ameshindwa lini. Hakuwahi kupimwa! Nikakimbia kwa daktari na rejista mkononi.

"Daktari, huyu hajapona, na huyu siku yake haijafika."

"Mbona umeandika neno moja?"

"Kwa sababu ni neno moja, daktari."

Akavuta kiti. Mchana kutwa tulizitenganisha bado zile kwa penseli nyekundu na ya buluu. Tulipobakiza waliokwisha kupimwa tu, dawa mpya haikuwa nyuma hata kidogo. Alichana tangazo lake mwenyewe, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Siku ya mama wa Tinde ilipofika, makohozi yake yalikuwa safi. Nilimwandikia "amepona" kwa herufi kubwa za kitoto, sikuona aibu.

Baada ya majuma kadhaa alirudi kunisalimia. Siku ya kwanza, alisema, mtoto alipiga kelele akajificha kwenye kanga ya bibi yake. Siku nne mama yule alikaa jikoni, kimya, akimenya karanga na kumsogezea mojamoja, mpaka mtoto akakubali kubebwa.

"Nilimwogopa kuliko ugonjwa, dada," akaniambia.