Mtaalamu Aliyenusa Wali wa Hamisa

Hii alinihadithia Leodegar mwenyewe, baba mdogo wa marehemu mume wangu. Ilikuwa mwaka 1976, tumekaa uani kwangu tunachambua maharage, na mengi aliyoyatupa yalikuwa mazima.

Akaanza hivi: "Mwanangu, mie nimewahi kukimbizwa na mwanamke mwenye mwiko kutoka Mtoni mpaka nyumbani Temeke. Na sikuiba kitu. Nilinusa tu."

"Ulinusa nini, baba?"

"Wali."

Basi kaeni vizuri.

Mwaka wenyewe ni 1953. Nchi ilikuwa ya Waingereza, au ndivyo walivyodhani.

Leodegar alikuwa kijana wa Kihaya, miaka ishirini na miwili, ana shati moja jeupe na cheti kimoja. Cheti kilisema amesoma elimu ya vyakula miaka miwili: maziwa yanaharibikaje, nyama inahifadhiwaje, samaki akianza kuoza unamjuaje kabla hajakulaza kitandani.

Yeye na wenzake tisa walikuwa wa kwanza kumaliza masomo hayo. Na ukiwa wa kwanza, ishu ni moja: mji mzima hakuna anayejua kazi yako ni ipi.

Akisema nimesomea vyakula, anaulizwa: "Ugali unasonga?"

Alifikia Temeke kwa binamu yake Projestus, karani wa bandarini, mtu wa kalamu mbili mfukoni hata akienda chooni. Walikuwa na chumba na sebule, yeye na mkewe Genoveva. Leodegar akalala sebuleni, kichwa chini ya meza, miguu mlangoni.

Sasa sikilizeni kilichomkosesha raha.

Siku zile serikali ilikuwa na msako wa vijana wasio na kazi. Ukikutwa huna barua ya mwajiri, unapandishwa garimoshi mpaka Mwanza, unavushwa ziwa, unakabidhiwa kwa baba yako kama kifurushi. Na baba yake Leodegar alikuwa ameshatangaza kanisani, baada ya misa, kwamba mwanawe yuko Dar es Salaam na ni daktari wa chakula.

Bora afe kuliko kurudishwa.

Projestus akamwambia, "Bwana mdogo, usiogope. Kazi ina njia zake. Kwanza barua."

Wakaandika barua kumi na moja. Kila moja ilianza kwa nina heshima kubwa na kuishia kwa mimi mtumishi wako mtiifu. Katikati hapakuwa na kitu.

Majibu yalikuja matatu.

La kwanza lilisema aje na aproni yake. La pili lilisema kazi ya namna hiyo haipo duniani. La tatu ilikuwa barua yake mwenyewe, imerudi, imesahihishwa kwa wino mwekundu.

"Njia ya pili," akasema Projestus, "ni tai."

Akamfunga tai yake ya kahawia, akamtuma kiwanda cha soda, mwezi wa tatu, jua linachoma utosi. Mlinzi wa getini alipomwona tu akavua kofia.

"Karibu mwinjilisti. Mke wangu mgongo unamsumbua, tuombee."

Leodegar alisema ataomba. Akaomba kweli, pale getini, amesimama. Ndani hakuingia.

Genoveva alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, si ungeomba na kazi humo humo?"

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta mwiko.

Projestus alisema hivi: "Siku hizi kazi haiombwi, inaonyeshwa. Pale Mtoni kuna hoteli ya Hamisa. Nyapara wa kiwanda cha mafuta, Wilbert, anakula pale kila mchana. Kaa karibu naye. Fanya kitaalamu. Akuone!"

Siku hizi Hamisa mngemwita mama ntilie. Wakati ule kibanda chake cha makuti, benchi nne na masufuria matatu, kiliitwa hoteli, na aliyekataa kukiita hoteli hakuhudumiwa. Mwanamke wa Kilwa, mjane, mnene kiasi, sauti kubwa kiasi cha kusimamisha lori.

Leodegar akaenda siku ya Jumanne. Akaketi mkabala na Wilbert. Sahani ikaja: wali, mchuzi wa samaki, pilipili pembeni.

Akakumbuka walivyofundishwa. Tazama. Nusa. Kisha ndiyo uonje.

Akainua sahani usawa wa macho. Akaizungusha. Akafumba macho, akaweka pua karibu na wali, akavuta.

Akavuta tena, kwa sauti, Wilbert asikie.

Jamani. Pwani mtu hanusi chakula cha watu! Hata mtoto wa miaka mitatu anapigwa kofi kwa hilo. Ukinusa umesema mpishi ni mchafu, umeisema na nyumba yao. Lakini chuo kilikuwa bara, mwalimu ni Mzungu, nani angemwambia?

Wilbert akaacha kutafuna. "Kuna nini?"

"Bado nachunguza," akasema Leodegar kwa sauti ya chuoni. "Mimi ni mtaalamu wa vyakula. Nina cheti."

Benchi zote nne zikasikia. Mmoja akaweka tonge chini. Wa pili akatema. Wa tatu akasukuma sahani, kisha kibanda kizima kikatazama masufuria kama yana nyoka.

Hapo Hamisa akatoka jikoni. "Nani ananusa chakula changu?"

Wote walimwangalia Leodegar.

Iliyobaki mnaijua. Alifika Temeke viatu mkononi, na Hamisa nyuma yake, na nyuma ya Hamisa nusu ya Mtoni iliyokuja kuangalia.

Alasiri ile ile wakawa kwa jumbe wa mtaa.

"Shikamoo jumbe," akaanza Hamisa, "huyu mtoto kaniua. Sahani kumi na sita zimerudi na chakula. Wanasema wali wangu una cheti!"

Jumbe alikuwa mzee mpole, na alipenda sana wali wa Hamisa, hilo liwekwe wazi. Akamuuliza Leodegar, "Chakula chake kilikuwa kibaya?"

"Hapana, mzee. Kilikuwa kizuri sana."

"Sasa ulikuwa unanusa nini?"

"Nilikuwa natafuta kazi."

Jumbe akakohoa kuficha kicheko. Kisha akakata shauri. Leodegar atakula kwa Hamisa kila mchana, siku saba, mbele ya watu. Kila siku atasimama aseme kwa sauti chakula kikoje, mpaka wateja warudi.

"Nimlishe bure?" Hamisa akaruka.

"Atakuoshea vyombo."

Halafu jumbe akamgeukia kijana, safari hii hacheki. "Na barua ya mwajiri unayo?"

Leodegar akatazama viatu vyake.

"Nakupa siku saba hizo hizo. Jumanne ijayo, baada ya alasiri, uwe na barua mkononi. La sivyo nitaandika jina lako kwenye orodha ya garimoshi. Na mie pia nina wakubwa wanaonidai majina."

Kwa hiyo asubuhi akawa anazunguka kutafuta kazi, mchana anakula hukumu yake.

Siku ya kwanza alisimama kwenye benchi akasema, "Chakula ni safi." Watu wawili wakanunua. Siku ya pili wakanunua watano. Siku ya nne kibanda kikajaa, wengine wakaja kumwangalia tu.

"Mtaalamu, leo vipi?"

"Safi!"

"Na jana?"

"Safi!"

"Na mke wangu?" Watu chini kwa vicheko.

Wilbert peke yake hakuwa akicheka. Alikula, akalipa, akaondoka bila neno. Leodegar alimwamkia kila siku, na kila siku alijibiwa kwa kidevu.

Kazi hakupata. Kwenye duka la nyama waliuliza kama anaweza kubeba nusu ng'ombe. Kwenye kiwanda cha mikate walisema nafasi ipo, ya kufukuza panya.

Siku ya saba ikafika, Jumanne, hana barua.

Asubuhi hiyo Hamisa alikuwa na mafua mabaya, pua imeziba, anakunywa chai ya tangawizi na kupiga chafya. Samaki walikuwa wameletwa na Shomari, muuza samaki wake wa siku zote. Mchuzi wa nazi ukachemka, ukawa mweupe, mzuri.

Leodegar akaingia jikoni kuchukua sahani yake. Akasimama.

Chini ya nazi, chini ya binzari na ndimu, kuna kitu. Kidogo. Akainama juu ya sufuria. Akainama tena.

"Mama," akanong'ona, "huyu samaki ameanza kuoza."

Hamisa akamkodolea macho. "Umeanza tena?"

"Nusa mwenyewe."

"Ninuse kwa pua ipi? Huoni hali yangu?"

Akachungulia nje. Benchi zimejaa, na wengine wamesimama. Akamvuta Leodegar kwenye kona.

"Sikia, mwanangu. Leo siku yako ya mwisho. Barua unaitaka? Nitakupa mie. Nitasema nimekuajiri, nitaweka dole gumba langu pale, jumbe ataridhika. Wewe toka hapo nje, useme safi kama ulivyosema siku zote. Ukisema vingine, mwanangu, kapande garimoshi."

Leodegar aliniambia, akili ilirudi kwao. Alimwona baba yake kanisani, na watu wanageuka kwenye mabenchi kumtazama.

Neno lenyewe lilikuwa moja. Alikuwa ameshalisema mara sita.

Akatoka. Akapanda kwenye benchi.

"Mtaalamu, leo vipi?"

Akajibu, "Leo hapana."

Benchi zote zikamgeukia.

"Wali kuleni. Mchuzi msile. Samaki ameharibika."

Hamisa alitoka na mwiko, na mara hii hakuwa na nia ya kukimbiza, alikuwa na nia ya kupiga. "Mwongo! Samaki wa Shomari huyu! Shomari nimenunua kwake miaka tisa!" Akamwona Shomari mwenyewe kando ya barabara anafunga kapu lake. "Shomari! Njoo ule umwaibishe huyu!"

Akamwekea sahani. Samaki mkubwa, mchuzi unamwagika.

Shomari akatazama sahani. Akatazama watu. "Ningekula, dada. Ila leo nimefunga."

"Umefunga? Leo?"

"Sunna."

Watu wakaangaliana. Leodegar Mkatoliki hakuelewa kitu, alishangaa tu kuona midomo inaanza kutetemeka benchi kwa benchi.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono akauliza taratibu, "Shomari, sunna ya Jumatatu naijua, na ya Alhamisi naijua. Hii ya Jumanne umeletewa wewe peke yako?"

"Na huo muwa shavuni," akadakia mwingine, "ndiyo daku?"

Hoteli ikalipuka. Shomari akajaribu kuumeza muwa na makapi yake, ukamkwama, akaondoka anakohoa, kapu kaliacha.

Hamisa hakucheka. Kisha akabeba sufuria lile kwa mikono yake mwenyewe, akaenda nyuma, akalimwaga lote shimoni. Aliporudi alikaa kwenye benchi kama mteja.

"Ningewalisha," akasema. "Wallahi ningewalisha watu wangu."

Ndipo Wilbert akafungua mdomo kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Kijana, siku sita zote nilijua unasema safi kwa kuogopa garimoshi. Safi yako nilikuwa siihesabu. Leo nimekusikia. Kiwandani kwetu mafuta yanaharibika mapipani na kila nikiuliza naambiwa yako sawa. Bosi yuko safarini mpaka Ijumaa. Njoo Ijumaa, nitakupeleka kwake."

Leodegar nusura alie. "Ijumaa nitakuwa Mwanza, braza. Barua inatakiwa leo."

"Barua gani?" Hamisa akainua kichwa. "Nani kasema huyu hana mwajiri? Kaiteni yule binamu yake mwenye kalamu mbili!"

Projestus akaletwa mbio kutoka bandarini. Akaandika: nina heshima kubwa kuarifu kwamba nimemwajiri ndugu Leodegar kuwa mnusaji wa hoteli yangu. Hamisa akasomewa.

"Hapo katikati ongeza," akasema. "Andika, amwambie bosi wake ukweli hata bosi akimshikia mwiko."

Dole gumba likawekwa, kwa masizi ya sufuria.

Jumbe akaitwa pale hotelini, akaisoma mara mbili. Akauliza, "Mwanamke amwajiri mtu wa cheti?"

"Una neno?" akauliza Hamisa.

Jumbe hakuwa na neno. Alikuwa na njaa. Akapewa wali mtupu na pilipili, akala.

Na nyie wajukuu zangu mliomaliza vyuo, mnaotuma maombi mia kwa siku na kuandika humo ndani kwamba nyie ni wachapakazi na watiifu: utiifu kila mtu anao. Huyu mzee alipata kazi siku aliyokataa kusema neno aliloambiwa aseme, akijua litakalompata. Ijumaa alikwenda kiwandani, akakaa huko miaka kumi na minne. Lakini mwajiri wake wa kwanza alikuwa Hamisa, na kila mahali alipoulizwa aliandika hivyo hivyo.

Mchana ule biashara iliisha mapema, samaki hakuna. Wilbert akarudi kazini. Projestus akajinyoosha benchi ya nyuma "dakika mbili tu," akaanza kukoroma kalamu zikiwa mfukoni. Hamisa, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kupumzika mchana, akatandika mkeka pembeni ya jiko, pua imeziba, akasema, "Mnusaji, niangalizie hoteli," na kabla hajajibiwa akawa ameshachukuliwa na usingizi.

Leodegar akakaa wima mlangoni, barua kifuani, siku yake ya kwanza kazini, ameapa hatafumba jicho.

Upepo ukapita kwenye makuti. Kichwa kikainama kidogo, kikainuka, kikainama tena.

Akalala.